Senti Tano za Kunawa

Mtu wa kwanza kuwakaribisha Nachingwea alikuwa Salimu, na aliwakaribisha kwa matusi.

"Watu wa Ruangwa hao," alisema, amesimama mlangoni mwa hoteli na kitambaa begani. "Nawajua kwa miguu. Vumbi lote la Wamwera mmelibeba mmelileta hapa. Nani atalifagia?"

Halfani akacheka. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Nandagala, upande wa Ruangwa, pamoja na mkewe Sabaha na binti yao Mwanne, na katika siku mbili hizo hakuwa amecheka hata mara moja. Akamwuliza yule mtu kwao ni wapi. Aliposikia kuwa ni Liwale, uso wote ukamfunguka kama wa mtu aliyemwona ndugu yake ugenini. Akamwambia mkewe kwamba huyu ni mtani kabisa, kisha akamrudishia Salimu tusi lake pamoja na nyongeza: watu wa Liwale hawajui ufagio, nyumba zao hufagiwa na mkia wa fisi akija kuchukua mtu.

Salimu naye akacheka, akawaambia waingie.

Mwanne aliingia wa mwisho, nyuma ya kanga ya mama yake. Alikuwa na miaka kumi na sita, na midomo yake ilikuwa mizito mbele ya watu kiasi kwamba shangazi zake walikuwa wakimwuliza kama ulimi wake umewekwa akiba. Lakini macho yake hayakuwa na aibu. Yaliona bati jipya juu ya paa, meza nne zenye miguu minne kila moja, viti vyenye migongo, na ndoo ya maji yenye bomba dogo kiunoni. Njiani walikuwa wamepishana na lori lililobeba maji tu, na trekta lenye magurudumu marefu kuliko baba yake. Kila kitu katika mji huo wa Wazungu wa karanga kilimfanya atake kuuliza, na kila swali alilimeza.

Hawakuja kutalii. Walikuja kumchukua Swalehe, kaka yake Mwanne, aliyekuwa kibarua wa kufyeka pori kwa ajili ya mashamba ya karanga. Mti uliovutwa na mnyororo wa trekta ulimwangukia mguu wa kushoto. Mguu ulikuwa umefungwa plasta ngumu tangu kwenye paja hadi vidoleni, na daktari alikuwa amesema mgonjwa aende kwao leo, kwa sababu kitanda chake kinangojwa na mwingine. Lori la kupita Nandagala liliondoka mara moja kwa juma, siku ya Jumamosi, saa nane mchana. Leo ilikuwa Jumamosi. Dereva alikuwa amewatajia bei asubuhi: shilingi sita kumchukua mtu mwenye mguu kama ule.

Katika fundo la kanga ya Sabaha kulikuwa na shilingi tisa, fedha ya ufuta wa mwaka mzima. Sita za lori. Wao watatu wangerudi kwa miguu kama walivyokuja. Swalehe alikwisha kuwaambia kwamba hotelini sahani ya wali na nyama ni senti sitini, na tangu jana usiku hawakuwa wametia kitu tumboni. Hesabu ilikuwa nyepesi, hata Halfani ambaye hakusoma aliifanya kichwani mara mbili, ikatoka vilevile: watakula, watalipa lori, na akiba ya njiani itabaki.

*

"Kaeni," alisema Salimu, "lakini mjue viti hivi vina bei. Senti kumi kila makalio."

"Sisi Wamwera makalio yetu madogo," Halfani alijibu. "Tufanyie senti tano."

Watu wawili watatu waliokuwa wakila waliinua vichwa. Salimu akawaletea bakuli na birika la maji ya kunawa, akasema maji nayo ni senti tano kila mtu. Halfani akamwuliza kama ni kwa mikono yote miwili au kwa mmoja, maana yeye angeweza kula kwa mmoja tu. Sabaha alicheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya kanga. Ilikuwa ni muda mrefu tangu amwone mumewe hivyo. Tangu habari za mguu zilipofika nyumbani, Halfani alikuwa akizungumza kama mtu anayehesabu maneno.

Kwao, mtani akikwambia utalipa, unajua amekukaribisha. Mtani huja msibani akacheka juu ya kaburi, akanyang'anya kuku wa wafiwa, na hakuna anayemkasirikia. Neno lake hulipimi kwenye mizani. Hivyo ndivyo Mwanne alivyofundishwa, na ndivyo baba yake alivyofundishwa na baba yake.

Wali ukaja, mzuri, wenye mafuta. Pamoja nao zikaja sahani ndogondogo ambazo hakuna aliyeziomba: achari ya embe, ndizi mbivu tatu, maandazi sita, na chai ya maziwa vikombe vitatu. Salimu aliziweka moja moja, na kila aliyoiweka aliitaja na bei yake kama mnadi, na Halfani akamjibu kila moja. Achari senti ishirini? Basi embe za Liwale zina dhahabu ndani. Maandazi senti kumi? Afadhali uniuzie shimo la katikati.

Mwanne hakupenda achari. Ilimchoma ulimi. Aliisogeza pembeni, na papo hapo akahisi vidole vya mama yake vikimfinya paja chini ya meza. Chakula kilichowekwa mbele yako hukirudishi bila kukionja, labda uwe umekuja kumtukana mwenye nyumba. Akala achari yote machozi yakimlengalenga.

Kando ya dirisha alikuwa amesimama mtu mmoja mrefu mwenye suruali iliyopasuka magotini. Ildefonsi, wenzake walimwita. Alikula amesimama, sahani yake ameiweka juu ya kizingiti cha dirisha. Maji alinywa kwenye kikombe chake mwenyewe cha bati kilichoning'inia kiunoni. Salimu alipomwekea kisahani cha achari, alikisukuma kwa mgongo wa mkono, haraka, kama mtu anayesukuma kaa la moto. Mwanne alimtazama akajisemea kwamba mtu yule hakulelewa vizuri. Kisha akajiuliza: kwa nini hakuna aliyemshangaa?

Salimu akarudi na upawa wa mchuzi. Akauliza kama awaongeze, senti thelathini kila sahani.

"Mtani akikupa, unakataa?" alisema Halfani, akasogeza sahani. Wote watatu wakaongezwa.

*

Salimu alipokuja kuondoa vyombo hakuwa na utani tena.

"Shilingi tano," alisema.

Halfani alicheka kwa sauti. Akamwambia kwamba hizo tano akamdai babu yake kule Liwale, yeye ndiye aliyemrithisha mdomo huo. Alisubiri jibu. Salimu alikuwa amesimama tu, sahani zimepangana mkononi mwake. Mwanne ndiye aliyeuona uso wake kwanza. Ulikuwa uso wa mtu aliye kazini.

"Shilingi tano, mzee wangu," Salimu alirudia, polepole safari hii.

Kicheko cha Halfani hakikukoma mara moja. Kilipungua kidogo kidogo, kikabaki kwenye midomo bila sauti, kisha na midomo ikafumba. Watu wa meza nyingine waliacha kutafuna. Nyuma ya kisanduku cha fedha aliketi mwenye hoteli, Mikidadi, mtu mwembamba mwenye miwani, ambaye muda wote huo alikuwa akiandika bila kuinua kichwa. Sasa aliinua.

Halfani hakuuliza kitu. Kwake yeye, mtu aliyekwisha kula hana neno. Kusimama mbele ya watu ukabishania wali ulio tayari tumboni mwako, hiyo ilikuwa aibu asiyoweza kuibeba mpaka Nandagala. Akamwambia mkewe afungue fundo.

Sabaha alishika fundo, lakini vidole vyake havikufungua. Alikuwa anahesabu. Tisa kutoa tano ni nne. Lori ni sita. Jumamosi nyingine ni baada ya siku saba, na kitanda hakipo. Mshahara wa Swalehe wa siku alizofanya kazi ulikuwa bado ofisini, na ofisini waliambiwa warudi mwisho wa mwezi.

Hapo Mwanne akainamia sikio la mama yake.

"Binti anauliza," Sabaha alisema, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, "tano hizo ni za nini na nini."

Halfani akamtazama mkewe kwa jicho kali. Lakini Mikidadi hakukasirika. Alifungua daftari lake na kusoma, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwenzake. Wali na nyama sahani tatu, shilingi moja na senti themanini. Viti vitatu, thelathini. Kunawa kabla ya kula na baada ya kula, watu watatu, thelathini. Achari ishirini. Ndizi thelathini. Chai sitini, maandazi sitini. Mchuzi wa kuongeza, senti tisini.

Kwa kila kilichosomwa, Mwanne alikumbuka Salimu akikitaja na wao wakicheka. Jambo hilo lilimtisha kuliko tano zenyewe. Hakuna aliyewadanganya. Walikuwa wameambiwa kila kitu, wazi kabisa, palepale mezani, na kila walipoambiwa walizidi kufurahi.

Akamnong'oneza mama yake tena. Sabaha akauliza kama bei hizo zimeandikwa mahali.

"Ziko ukutani," alisema Mikidadi. "Nyuma ya mlango."

Mlango ulikuwa umefunguliwa ukabanwa ukutani kwa jiwe, na kwa jinsi jiwe lilivyozama kwenye sakafu, haukuwa umefungwa mchana kwa miezi mingi. Mwanne akainuka. Hakujua miguu yake ilipata wapi ujasiri. Alisogeza jiwe kwa kisigino, akavuta mlango, na kweli ubao ulikuwepo, mweusi, wenye maandishi ya chaki. Yeye aliachia shule darasa la tatu, mwaka ule mama yake alipougua na pakakosekana mtu wa kuchota maji, lakini herufi hazikumtoka. Aliziandama kwa kidole, midomo ikitembea bila sauti. Kiti, senti kumi. Kunawa, senti tano. Achari, senti ishirini. Alifika mstari wa mwisho, akausoma mara mbili.

"Inasema benchi la nje ni bure," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wa mle ndani kumsikia. Mmoja aliguna, mwingine akacheka kwa pua. Ildefonsi alikuwa amemaliza wali wake. Alipangusa kikombe chake kwa shati, akaanza kuwaeleza, bila kejeli, kwamba yeye siku ya kwanza alilipa shilingi tatu na nusu, na mwenzake huyu alilipa nne kwa sababu alilala usingizi juu ya kiti. Kila mtu aliyeko hapa amepita hapo mara moja.

Sabaha akamgeukia. "Na nyinyi mlikuwa mnatuona. Kwa nini hamkutuambia?"

Ildefonsi alifikiri. "Mlikuwa mnacheka, mama," alisema. "Tulidhani mna pesa."

*

Sabaha sasa alikuwa amepata moto. Aliuliza ni mtani gani anayemwita mtu mtani halafu akamkamua. Mikidadi akajibu kwamba yeye ni mtu wa Lindi, utani huo ni wao na Salimu, yeye anauza wali. Kisha akavua miwani na kuwaeleza mambo ambayo Mwanne aliyasikiliza kwa masikio yote mawili. Hapa Nachingwea maji hayachotwi, yananunuliwa kwa pipa kutoka kwenye lile lori. Viti si vyake, anavikodi kwa fundi kwa mwezi. Hata kiwanja hiki anakilipia, na taka zikibebwa analipia. Alipofika hapa alitaka kuuza kama kwao, chakula kimoja bei moja, maji bure, na mwezi wa pili akauza saa yake ya mkononi.

"Basi weka yote ndani ya wali," alisema Sabaha. "Sema wali ni shilingi moja. Mtu ajue."

"Nikisema shilingi moja hawaingii, mama. Wanataka kusikia sitini."

Mwanne alilipindua neno hilo kichwani. Kumbe sitini ilikuwa ni mlango tu. Alimtazama Salimu, ambaye alikuwa bado na sahani mkononi, na alimwona ameinamisha kichwa.

"Mimi nilisema kweli yote," Salimu alisema kwa sauti ya chini, akimwambia Halfani peke yake. "Kila siku nasema. Wengine wakisikia wanatoka nje. Nyinyi mlicheka, nami nikafurahi, maana tangu nije hapa hakuna aliyenitania. Nikasema hawa wameelewa."

Halfani alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumwangalia kwa ubaya.

Mwanne alikuwa bado anasoma ubao. Kitu kilikuwa kinamkereketa, kama uzi unaojitokeza kwenye mshono. Aliporudi mezani aliitazama mikono yake. Ilikuwa na mafuta ya mchuzi mpaka kwenye kifundo. Safari hii hakutafuta sikio la mama yake. Alisema akiitazama mikono hiyo:

"Kunawa kwa pili hatujanawa."

Mikidadi alivaa miwani, akatazama daftari, akatazama mikono ya watu watatu. Birika lilikuwa bado lipo mikononi mwa mtu mwingine, meza ya pili.

"Ni kweli," alisema. Akachukua kalamu akafuta. "Shilingi nne na senti themanini na tano."

Hivyo ndivyo walivyotoka hotelini, na shilingi nne na senti kumi na tano kwenye fundo, wakipita katikati ya mji uliojaa watu waliovaa viatu, mikono wameishika mbali na nguo zao kama wagonjwa. Nyuma ya duka la mwisho walikuta majani mabichi, wakajifutia humo. Halfani alifuta vidole vyake kimoja kimoja, kwa muda mrefu, akiwa amewapa mgongo.

"Ungeacha tu," alimwambia binti yake bila kugeuka. "Senti kumi na tano. Watu wote wale wanatuangalia mikono."

Mwanne akachuma jani jingine, akampa.

*

Swalehe aliletwa kwenye lori na vibarua wenzake wanne, juu ya mlango wa kibanda ulioondolewa bawaba. Alikuwa amekonda, lakini mdomo wake haukuguswa na mti. Aliposimuliwa habari za hoteli alisema amewaambia bei ya wali, hakuwaambia kula kama mabwana shamba. Kisha akaona uso wa mama yake, akaacha. Sabaha alikuwa ameketi chini, kisigino cha plasta amekipakata mapajani. Hakuwa na jicho la kitu kingine.

Lori lilikuwa limekwisha kupakiwa magunia ya chumvi na mabati. Dereva, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, alisema sita. Halfani akamwambia wanazo nne. Dereva akasema basi mgonjwa angoje Jumamosi ijayo, akaenda kupiga mateke magurudumu.

Halfani alibaki amesimama. Alitazama barabara, akamtazama mwanawe juu ya ule mlango. Mwanne alijua baba yake anachofikiria: kumbeba. Siku mbili za mtu mzima mwenye miguu, siku nne au tano za mtu aliyebebwa, na vibarua walikuwa na kazi Jumatatu.

Akamsogelea baba yake amnong'oneze. Halfani akatikisa kichwa kabla hajasikia. Asingeweza tena kuuliza bei ya kitu mbele ya watu, si leo. Mama alikuwa mbali, ameinamia mguu. Hapakuwa na sikio jingine.

Mwanne akamfuata dereva mpaka kwenye gurudumu la nyuma. Alilitazama gurudumu.

"Sita ni za nini na nini?" aliuliza.

Dereva alidhani hakusikia vizuri. Akamwuliza anasemaje. Mwanne akarudia vilevile, maneno yaleyale, kwa gurudumu lilelile. Dereva akaangua kicheko, akamwita utingo wake aje amsikie karani mpya. Lakini aliposubiriwa tu, bila kicheko cha kumjibu, alianza kuhesabu kwa vidole. Mtu anayekaa kwenye benchi ni shilingi tatu. Mguu ule haukunjiki, unachukua nafasi ya mtu, shilingi mbili. Na vijana wake kumpandisha mtu mzito kama yule bila kumvunja tena, shilingi moja.

"Tukimpandisha wenyewe?"

"Mkimpandisha wenyewe, tano."

"Na asipokaa kwenye benchi?"

"Akae wapi? Juu ya magunia? Juu ya magunia ni shilingi mbili. Lakini jua litampiga."

"Na mguu?"

"Mguu ni uleule, dada. Mguu haujui benchi wala gunia. Shilingi mbili."

Mwanne alijumlisha kwa vidole nyuma ya mgongo. Alijumlisha tena. Jasho lilimtoka chini ya kanga, na masikio yalimwaka kama mtu aliyesimamishwa mbele ya darasa. "Basi ni nne," alisema.

Dereva akatazama juu, kana kwamba hesabu imeandikwa mawinguni. Akakubali kwamba ni nne. Swalehe, aliyekuwa akisikia yote kutoka kwenye mlango wake, akasema kwamba mguu wake sasa una nauli sawa na mwenyewe, na huko nyumbani wautengee na sahani yake.

Sabaha alikuwa amekwisha kuinuka, vidole vimeshika fundo, uso umeanza kulegea. Vibarua wanne wakashika pembe za mlango ili wainue.

"Ngojeni," alisema Halfani.

Alitembea mpaka mbele ya dereva. Alikuwa mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima. Alisafisha koo. Watu waliokuwa wakingoja kupanda walikuwa wengi, wanawake kwa wanaume, na wote walikuwa wanatazama, na yeye alijua kwamba wanatazama.

"Na kushusha?" aliuliza.

Dereva akamtazama Mwanne, kisha akamtazama mzee. Akakuna kichwa chini ya kofia. "Kushusha ni shilingi moja," alisema.

"Katika zile sita ilikuwamo?"

Dereva alitazama gurudumu. "Haikuwamo," alisema hatimaye. "Kushusha hulipwa kulekule."

Sabaha aliachia fundo. Injini ya trekta ilinguruma mahali fulani ng'ambo ya miti. Kama wangelipa zile sita asubuhi, kwa furaha, Swalehe angefika Nandagala akiwa peke yake juu ya gari, akidaiwa shilingi moja asiyo nayo. Mwanne aliliona jambo hilo lote mara moja, na aliona kwamba baba yake naye ameliona.

Halfani hakupandisha sauti. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Kabla ya magharibi gari litakuwa limefika Nandagala. Msikiti uko kando ya barabara, mkono wa kulia, na saa hiyo wanaume wanakuwa wamekusanyika wanatia udhu. Wote wanamjua Swalehe. Wanaume kumi watamshusha bila utingo kugusa kitu. Dereva asimame tu hapo na kupiga honi ili watoke.

Dereva akasema hilo linawezekana.

"Honi inalipiwa?" Halfani aliuliza. "Tumebakiwa na senti kumi na tano."

Kicheko kilianza kwa utingo, kikaenda kwa wanawake waliokuwa juu ya magunia, kikafika kwa vibarua wanne mpaka mlango ukatikisika na Swalehe akalalamika. Watu walipigana mabega. Mmoja alisema tangu azaliwe hajapata kumwona mzee mwenye utani kama huyu. Dereva alishika tumbo lake, akacheka kuliko wote, akisubiri mzee naye acheke.

Halfani hakucheka. Alisimama palepale, mikono ameiweka nyuma, akimtazama dereva usoni, na Mwanne akasimama kando yake. Wakangoja.

Kidogo kidogo dereva akanyamaza. Alivua kofia yake ya sufu.

"Honi ni bure, mzee," alisema.

"Na kusimama?"

"Na kusimama bure."

Ndipo Halfani alipomgeukia mkewe, akamwambia afungue.